Jinsi ya kuipima simu ya kazi yenye kibodi ya vitufe kabla hujaitolea fedha

Mtu anayetafuta simu janja yenye kibodi ya vitufe siku hizi mara nyingi huwa ameshaamua. Amekumbuka BlackBerry Bold yake ya zamani, au Nokia E71, na namna dole gumba lilivyokuwa likijua njia lenyewe huku macho yakiwa kwingine. Moyo umeshalipa, bado mfuko. Kipendacho roho hula nyama mbichi.

Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume na wanavyofanya wengi. Tutaichunguza simu kwanza kana kwamba kibodi haipo kabisa. Ikifaulu hapo, ndipo tutaigeukia kibodi na kuikagua kana kwamba hakuna kingine mle. Mpangilio huu nimefundishwa na hasara. Niliwahi kununua simu iliyokwishatumika, yenye vitufe vitamu kuliko vyote nilivyopata kubonyeza, nikaipima dukani kwa kuandika tu. Wiki ya pili programu ya benki ikagoma kufunguka. Wiki ya tatu nikagundua kwamba kila nikipigiwa simu, intaneti inakatika. Kibodi haikuwa na kosa lolote, na simu ikaishia kwenye droo.

Hatua ya 1: Jipime mwenyewe kwa wiki moja

Kabla ya kuangalia simu yoyote, angalia unaandika nini kwenye uliyo nayo. Android ina sehemu inayoonyesha umetumia kila programu kwa muda gani. iPhone nayo inayo. Iache wiki ipite bila kubadili tabia, kisha ugawe matumizi yako katika mafungu matatu: kuandika, kusoma, na kutazama au kupiga picha.

Kibodi ya vitufe inamfaa mtu mwenye barua pepe na ujumbe mwingi wa sentensi mbili mpaka kumi, anayejibu akiwa amesimama, akitembea, au akiwa kwenye kikao anasikiliza kwa sikio moja. Anayeandika ripoti za kurasa tano hatasaidiwa na vitufe vya ukubwa wa punje ya mahindi. Huyo atafute kibodi ndogo ya kukunja inayounganishwa kwa Bluetooth. Na ambaye siku yake yote ni jedwali, video na mikutano ya picha, skrini fupi itamchosha kabla mwezi haujaisha.

Ukiona kuandika hakufiki hata robo ya muda wako, una haki ya kuinunua kwa mapenzi, lakini usijidanganye kwamba ni kwa ajili ya kazi.

Hatua ya 2: Chagua umbo

Maumbo ni manne. La kwanza ndilo wengi wanalolifahamu: skrini juu, vitufe chini, vyote viko wazi muda wote. Ndivyo zilivyo BlackBerry KEYone na KEY2, na Titan za Unihertz. La pili ni la kusukuma kwenda juu, vitufe vikachungulia chini, kama BlackBerry Priv ya mwaka 2015. La tatu husukumwa kwa ubavu na kuandikiwa ikiwa imelala. Hata T-Mobile G1 ya mwaka 2008, simu ya kwanza ya Android kuuzwa, ilikuwa hivyo, na F(x)tec Pro1 ya mwaka 2019 ikarudia wazo hilo. La nne ni la kufunguka kama kijitabu: Nokia Communicator tangu mwaka 1996, na baadaye Gemini na Cosmo za Planet Computers.

Kwa kazi ya kila siku, mimi hupendekeza la kwanza. Kila chenye reli kina utepe mwembamba wa nyaya ndani yake unaojikunja kila ukisukuma, na utepe huo una idadi ya mikunjo yake. Zaidi ya hapo, kibodi iliyofichwa haitumiki kwa jibu la maneno matatu. Utaona uvivu kuifungua, utaandika kwenye kioo, na baada ya mwezi utakuwa unabeba uzito wa kitu usichokigusa. Umbo la kijitabu ni zuri kwa aliye na meza mbele yake; kwa aliyesimama, ni mzigo.

Kuna njia ya tano ambayo si simu: kasha lenye vitufe linalovishwa simu ya kioo. Clicks, lililotangazwa Januari 2024 kwa ajili ya iPhone, ndilo linalojulikana zaidi. Simu inakuwa ndefu kama rimoti, lakini kila kitakachosemwa kwenye hatua mbili zinazofuata kinakuwa si tatizo lako tena, kwa sababu simu iliyomo ndani ni ya kawaida. Lifikirie kwa uzito kabla ya kulipuuza.

Hatua ya 3: Chunguza umri wa programu

Hapa ndipo simu nyingi za vitufe hufia, na ndipo mnunuzi huwa na haraka zaidi.

Tuanze na zilizokwisha. Tarehe 4 Januari 2022 BlackBerry ilizima huduma zilizokuwa zikiendesha simu zake za mfumo wa BlackBerry OS na BlackBerry 10, ikionya kwamba simu hizo hazitategemewa tena kwa data, kupiga wala kutuma ujumbe. Bold, Q10, Passport na Classic zote zimo humo. WhatsApp ilikuwa imeshaondoka kwenye BlackBerry 10 tangu mwisho wa mwaka 2017. Ukikuta Passport inang'aa kwenye sanduku lake, ni kitu kizuri cha kuweka kabatini.

Zile zilizofuata, zenye Android, hazikuguswa na uamuzi huo, ila zina kikomo chao. Priv iliishia Android 6. KEYone ya mwaka 2017 na KEY2 ya mwaka 2018 zote ziliishia Android 8.1, na mkataba wa TCL wa kutengeneza simu kwa jina la BlackBerry ukamalizika Agosti 2020. Kampuni iliyojitokeza kurithi jina hilo, OnwardMobility, ilifunga mlango Februari 2022 bila kutoa simu hata moja. KEY2 bado inawaka na bado inaandika vizuri mno. Lakini kuibebesha barua za kazi simu ambayo haijazibwa matundu ya usalama kwa miaka mingi ni kuifungia nyumba kwa komeo lililooza.

Kwa simu yoyote ya Android unayoifikiria, fanya mambo haya kwa mkono wako, usimwachie muuzaji akusomee:

Fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu. Andika toleo la Android na tarehe ya sasisho la usalama. Google hutoa taarifa za usalama za Android kila mwezi. Ukiona tarehe iko nyuma kwa miezi mitatu au minne, huyo ni mtengenezaji mvivu; ikiwa nyuma kwa mwaka mzima, rudisha simu mezani.

Fungua Play Store, ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya Kuhusu, uone kama kifaa kimethibitishwa. Simu isiyothibitishwa inaweza kukataliwa na programu za benki na malipo, hata kama kila kingine kinaenda. Ndicho kilichonipata.

Kisha uliza ahadi. Google kwa Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024, ziliahidi masasisho kwa miaka 7. Watengenezaji wa simu za vitufe ni kampuni ndogo na hawana mkono mrefu hivyo, kwa hiyo usitegemee miaka 7. Unachotafuta ni ahadi iliyoandikwa, hata ikiwa ya miaka miwili, na rekodi ya simu yao iliyotangulia: je, ilipata toleo jipya la Android kweli, au iliachwa na lile ililozaliwa nalo? Rekodi hiyo hainunuliki kwa tangazo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kama simu itaingia kwenye barua za mwajiri, ongea na mtu wa kompyuta wa ofisini kwenu kabla ya kununua. Mwulize swali moja lenye sehemu mbili: toleo la chini kabisa la Android mnalolikubali ni lipi, na mnatumia wasifu wa kazini? Wasifu wa kazini ni ule utaratibu wa Android unaotenga programu na data za ofisi kwenye chumba chake, zisichanganyike na picha zako za nyumbani. Upo tangu Android 5, lakini si kila kampuni ndogo imeutengeneza ukatulia. Ukiweza, azima simu hiyo kwa nusu saa uujaribu.

Hatua ya 4: Laini, bendi na sauti

Simu za vitufe huuzwa sana kwa kuagizwa kutoka mbali, na mbali kuna bendi zake, yaani masafa ya redio ambayo mitandao ya huko hutumia. Jina moja la simu linaweza kubeba miili kadhaa: KEYone yenye namba BBB100-1 haikuwa na bendi zilezile za BBB100-2. Soma namba ya modeli nyuma ya simu au kwenye Kuhusu simu, si jina la kwenye sanduku, kisha ulinganishe bendi zake za 4G na zile za mtandao wako. Bendi za masafa ya chini, kama ya 20 kwenye MHz 800 na ya 28 kwenye MHz 700, ndizo zinazopenya kuta na kufika mbali na mnara. Zikikosekana, utakuwa na intaneti kali dirishani na ukimya chumba cha ndani.

La pili ni kupiga simu kupitia 4G, yaani VoLTE. Mitandao mingi duniani inazima 3G, na mingine huruhusu VoLTE kwa simu zilizo kwenye orodha yao tu. Jaribio lake ni rahisi: weka laini yako, hakikisha alama ya 4G ipo juu ya skrini, piga simu, na uendelee kuitazama alama hiyo. Ikishuka kuwa 3G, H au E mara tu mazungumzo yanapoanza, VoLTE haifanyi kazi, na siku mtandao wako utakapozima mitambo ya zamani utabaki na kifaa cha kuandikia barua.

Piga *#06# uone IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, uilinganishe na ya sanduku. Zungumza dakika mbili na mtu mahali penye kelele, umwulize anakusikiaje. Watu husahau kabisa kwamba hii nayo ni simu.

Hatua ya 5: Programu zako kwenye skrini fupi

Wabunifu wa programu huchora wakiwa na skrini ndefu akilini. Skrini ya KEY2 ina pikseli 1620 kwa 1080, na ya Passport ilikuwa mraba kamili, 1440 kwa 1440. Titan 2 ya Unihertz ya mwaka 2025 imerudi kwenye mraba huohuo. Kwenye maumbo haya, kitufe cha "Endelea" kinaweza kujificha chini ya ukingo na kukataa kupanda. Programu nyingine hubana maandishi hadi yanapandiana.

Tengeneza orodha ya programu nane ambazo usipokuwa nazo kazi yako inasimama, uziweke zote, kisha katika kila moja ufanye tendo moja zima kutoka mwanzo hadi mwisho: ingia kwa nywila, jaza fomu, ambatisha faili, tuma. Kuifungua tu na kuona nembo yake hakutoshi, kwa sababu matatizo hukaa kwenye ukurasa wa tatu wa fomu. Jaribu pia kupunguza ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio ya onyesho. Mara nyingi hilo peke yake hukiibua kitufe kilichozama.

Kwa haki, kuna upande wa pili. Kwenye simu ya kioo, kibodi ikipanda inameza karibu nusu ya skrini, na barua unayoijibu inapotea. Kwenye simu ya vitufe skrini yote inabaki yako. Weka simu mbili ubavu kwa ubavu, fungua mazungumzo marefu, uanze kuandika jibu kwenye zote mbili, uhesabu mistari inayoonekana. Mara nyingi skrini "ndogo" ndiyo inayoshinda.

Hatua ya 6: Sasa kibodi

Simu ikifika hapa ikiwa hai, kaa chini, weka kando kila kitu, na upe hatua hii saa nzima.

Ishike kwanza bila kuandika. Vidole vinane nyuma, madole gumba mawili juu ya vitufe. Je, kichwa cha simu kinataka kuanguka kwenda nyuma? Skrini nzito juu ya vitufe vilivyo chini sana hufanya hivyo, na baada ya robo saa kidole kidogo kinauma. Nyosha dole gumba la kushoto hadi A, na la kulia hadi P na kitufe cha kufuta. Yafike bila mkono kuhama.

Funga macho. Pitisha dole gumba polepole juu ya safu. Kibodi nzuri inajieleza gizani: kila kitufe kina mgongo au mteremko wake, na safu zimetengwa. BlackBerry za zamani ziliweka vipande vyembamba vya chuma kati ya safu, mfano wa vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa, na vitufe vikachongwa vikielekea katikati. Ukifumba macho na usijue G inaishia wapi na H inaanzia wapi, hiyo ni picha ya kibodi. Vitufe vinavyometameta navyo viogope. Jasho kidogo tu na dole gumba linateleza.

Bonyeza kimoja kimoja. Unatafuta hatua mbili: kitufe kinakaza, halafu kinavunjika ghafla chini ya kidole. Mvunjiko huo ndio unaouambia ubongo kwamba herufi imeingia, usitazame. Kikishuka laini kama sifongo, utakuwa unatazama skrini kila neno, na faida yote imepotea. Bonyeza pia ukingoni mwa kitufe, si katikati tu. Vingine hukubali katikati peke yake.

Halafu andika Kiswahili. Wachambuzi wengi hupima kibodi kwa Kiingereza, na lugha yetu ina madai yake. Haina kazi na Q wala X, inaililia A kuliko herufi nyingine yoyote, na inahitaji ile alama ya ng' kila wakati. Kwenye kibodi za BlackBerry alama hiyo iko kwenye K, ukishika Alt, kitufe cha kuleta alama na tarakimu. Kwingine utaikuta ndani ya menyu ya alama, mibonyezo mitatu mbali, na hapo ndipo utaanza kuandika "ngombe" bila kupenda. Jaribu sentensi kama hii mara kumi mfululizo: "Ng'ambo ya mto kuna ng'ombe 27 waliong'olewa kengele, je, mwenyewe yuko?" Inagusa karibu kila kitu kinachokera: alama, tarakimu, mkato, swali, na herufi kubwa.

Angalia na mpangilio wa herufi wenyewe. Simu iliyotengenezwa kwa soko la Ujerumani huwa na QWERTZ, ambapo Y na Z zimebadilishana, na "yangu", "yako", "yeye" zote zinahamia kona ya chini. Ya Ufaransa ina AZERTY, A ikiwa juu pale ilipokuwa Q. Mipangilio inaweza kubadili herufi zinazotokea, lakini haiwezi kubadili wino uliochapwa kwenye vitufe.

Tarakimu zinastahili jaribio lao. KEYone na KEY2 zimezipanga kama za simu ya kawaida: 1, 2, 3 kwenye W, E, R, 4, 5, 6 kwenye S, D, F, 7, 8, 9 kwenye Z, X, C. Andika namba ya ankara yenye tarakimu kumi na mbili. Je, lazima ushikilie Alt muda wote, au ukiibonyeza mara mbili inajifunga? Kwa mhasibu, jibu la swali hili ni kubwa kuliko kamera.

Kasi ipime kwa saa. Usihesabu maneno, kwa sababu neno letu moja kama "hatukuwaandikia" ni sentensi nzima ya wengine. Hesabu herufi pamoja na nafasi, ugawe kwa 5, kisha kwa dakika. Ndiyo kanuni ya kawaida ya kupata maneno kwa dakika. Mwaka 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Aalto, Cambridge na ETH Zürich walichapisha vipimo vya watu 37,000 wakiandika kwenye simu zao, na wastani ukawa maneno 36 kwa dakika. Hiyo ni herufi 180 hivi, kwa hiyo aya ya herufi 500 huchukua dakika 2 na sekunde 47. Andika aya moja kwenye simu yako ya sasa, halafu kwenye hii, mara tatu kila moja, ukiandika muda na makosa yaliyobaki.

Usishangae kioo kikishinda kwa kasi, hasa siku ya kwanza. Utafiti uleule ulionyesha kwamba wanaosahihishiwa maneno na simu huandika kwa kasi zaidi, lakini sentensi zake zilikuwa za Kiingereza. Kwetu ni mashaka: kitenzi chenye viambishi vitano hakimo kwenye kamusi ya simu, kwa hiyo msahihishaji anakikata vipande au anakigeuza kitu kingine, nawe unarudi kufuta. Angalia basi safu ya makosa kuliko ya muda. Mimi naandika polepole kidogo kwenye vitufe, na barua zangu hazina tena maneno ambayo sikuyasema.

Ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya Mfumo, tafuta Kibodi halisi. Hakikisha unaweza kuzima usahihishaji, na kwamba kibodi ya kioo haijitokezi kila ukigusa sehemu ya kuandikia. Simu inayoleta kibodi mbili kwa mpigo inaudhi kuliko isiyo na kibodi kabisa. Hakikisha na njia za mkato: KEYone ilitoa 52, herufi 26 mara mbili, kubonyeza kwa haraka na kubonyeza kwa kukawia. Mwenye kuzipanga vizuri hafungui tena ukurasa wa programu. Anabonyeza B kwa muda, benki inafunguka. Kama vitufe vinahisi mguso na vinaweza kusogeza ukurasa, jaribu hilo kwenye barua ndefu, uone kama dole linaloandika halisogezi ukurasa kwa bahati mbaya.

Mwisho, zima taa ya chumba. Mwanga wa vitufe uwe sawa kona zote, na alama ndogo za Alt zisomeke.

Hatua ya 7: Betri na uzito, kwa ufupi

Skrini ndogo hula kidogo, kwa hiyo namba ya betri isikutishe. KEY2 ilikuwa na mAh 3500 na ilimfikisha mtu jioni. Chaji ijae, fanya kazi siku moja ya kweli, uangalie kilichobaki saa kumi na mbili jioni. Kikiwa chini ya asilimia 25 kwenye simu mpya, kumbuka betri hiyo itakuwa dhaifu zaidi mwakani. Uzito nao: Titan ya kwanza ilipita gramu 300. Iweke kwenye mfuko wa shati utaelewa.

Hatua ya 8: Kama imeshatumika

Fungua programu ya kuandikia kumbukumbu. Bonyeza kila kitufe mara ishirini, uhesabu herufi zilizotokea. Zikiwa ishirini na mbili, kitufe kinajirudia. Zikiwa kumi na tisa, kinaruka. Yote mawili ni dalili za kuchoka kwa vibati vidogo vilivyo chini ya vitufe, na mara nyingi dawa ni kubadilisha kibodi nzima. Kitilie mkazo kitufe cha A, E, cha nafasi na cha kufuta, kwa maana ndivyo vinavyopigwa zaidi. KEYone na KEY2 zina kisoma alama ya kidole ndani ya kitufe cha nafasi, kwa hiyo sajili kidole chako papo hapo uone kama kinafungua.

Tazama mng'ao. Vitufe vya mtu aliyefanya kazi kweli huchakaa bila usawa: A imelainika, Q bado mpya. Simu ya miaka mingi yenye vitufe vyote vipya sawasawa imebadilishwa kibodi. Si vibaya, lakini uliza nani aliibadilisha, na ukumbuke kupima ulaini wake, kwa sababu za bandia hukaza kupita kiasi.

Uliza pia vipuri kabla ya kulipa, hasa skrini na betri. Skrini yenye umbo lisilo la kawaida haiazimwi kutoka simu nyingine.

Hatua ya 9: Siku saba za majaribio

Nunua mahali panapokubali kurudishiwa mali, na uanze kuhesabu siku hiyohiyo. Hamisha laini yako kuu, usiiache kwenye simu ya zamani. Ukiwa na simu mbili utaikimbilia uliyoizoea. Siku mbili za kwanza madole yatauma na utakosea sana, usihukumu. Siku ya tatu rudia jaribio la aya. Siku ya tano lirudie tena, na safari hii liandike ukiwa unatembea.

Kwenye karatasi weka safu mbili. Ya kwanza: mara ngapi leo nimefurahi kwamba vitufe vipo. Ya pili: mara ngapi nimelazimika kutafuta simu nyingine, kwa sababu programu imegoma, ukurasa umekatwa, mtandao umeshuka, picha ya hati haikusomeka. Safu ya pili ikiwa na alama moja au mbili kwa wiki nzima, kaa nayo. Ikiwa na alama kila siku, irudishe siku ya sita, ukiwa umefuta data zako na kuondoa akaunti yako ya Google kabla ya kuirejesha kama ilivyotoka kiwandani, la sivyo anayefuata ataikuta imefungwa kwa jina lako.